Mkono Unaopima Unga

Muuza duka wa Mbinga hupima unga wa ngano kwa mizani. Mama wa maandazi huupima kwa kikombe. Kati ya kilo ya dukani na kikombe cha jikoni pana ustadi usio na cheti, na wanaouweza huufanyia kazi alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala.

Mtazame anavyojaza. Kwanza anauchekecha unga kwenye beseni ili uingie hewa na mabonge yavunjike. Kisha anauchota kwa kijiko na kuumimina kikombeni kidogo kidogo mpaka ufanye kichuguu. Hakigongi kikombe mezani wala hashindilii kwa kiganja, na binti anayejifunza kwake hukatazwa hayo mapema. Anapitisha ubapa wa kisu ukingoni mara moja, ziada inarudi kwenye beseni. Kikombe cha mililita 250 kilichojazwa hivyo hubeba gramu 125 hivi. Kikombe hichohicho kikizamishwa moja kwa moja kwenye mfuko, hufika gramu 150 au zaidi. Kwa vikombe vinne hiyo ni tofauti ya gramu 100, karibu kikombe kizima ambacho hakuna aliyekihesabu. Ndipo keki inapokauka na andazi kuwa gumu kabla ya saa nne.

Sokoni jambo hili linajulikana siku nyingi. Debe na sado hupima nafasi, si uzito, kwa hiyo mnunuzi mjanja hutazama mkono wa muuzaji kuliko chombo chenyewe.

Ninachokistaajabia zaidi ni jinsi asiye na mizani anavyoiazima ya dukani. Ananunua nusu kilo iliyopimwa mbele ya macho yake, anaichekecha, kisha anaihesabu kwa bilauri yake mwenyewe. Zikitoka bilauri nne, amejua kuwa yake ni ya gramu 125. Zikitoka tatu na nusu, ni ya gramu 143 hivi, na mapishi yake yote atayapanga kwa hesabu hiyo. Maji hayana usumbufu huo: mililita moja ni gramu moja, hayashindiliki wala hayapandi kichuguu. Kikombe cha gramu 125 za unga hubeba gramu 250 za maji, na anayelisahau hilo hukanda uji.

Sasa teremka kilomita 66 hadi Mbamba Bay. Milimani Umatengo, iliko Mbinga, hewa ni nyepesi, na unga wenye hamira huumuka upesi; ufukweni mwa Ziwa Nyasa joto nalo huuharakisha. Zaidi ya hapo, unga uliokaa wazi kando ya ziwa hunywa unyevu. Mizani itasema gramu 500, lakini sehemu yake ni maji tayari, hivyo fundi hupunguza ya kukandia, akimimina huku vidole vikisikiliza. Akichanganya na unga wa muhogo, hesabu hubadilika tena: muhogo hauna gluteni ya kushika hewa, na kuulinganisha na ngano gramu kwa gramu hakutaufanya uumuke.

Ndiyo maana mpishi mzoefu hukipima upya kikombe chake kila anapobadili aina ya unga, hata kama amekitumia miaka mingi. Kikombe ni kilekile. Kilichomo ndicho kinachobadilika.