Mabepari wa Venisi: Bepari ni Nani?

Wanafunzi wetu wanapohakiki Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, jibu huwa lile lile: Shylock ni bepari, mnyonyaji, na mwishoni anapata anachostahili.

Anwani yenyewe inachangia. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio. Mtafsiri ameweka wingi, tena akachagua neno "bepari", lililokuwa na uzito mkubwa wa kisiasa miaka 2 baada ya Azimio la Arusha. Faida yake ni kwamba Antonio naye anatiwa katika kapu moja na Shylock. Hasara yake ni kwamba suala la dini linafunikwa na suala la tabaka.

Ili kulifunua, turejee Uingereza ya karne ya 12 na 13. Huko Wayahudi walihesabiwa kuwa mali ya mfalme: aliwalinda, na papo hapo akawakamua. Aaron wa Lincoln, mkopeshaji tajiri, alipofariki mwaka 1186, mali yake na madeni aliyokuwa akidai vilitwaliwa na mfalme. Wadaiwa hawakusamehewa, walibadilishiwa mdai tu. Mwaka 1275 Edward I aliwapiga marufuku Wayahudi kukopesha kwa riba, na mwaka 1290 akawafukuza wote. Shakespeare alipoandika tamthilia hii, yapata miaka 300 baadaye, bado hawakuwa wameruhusiwa kurudi.

Sasa tusome upya onyesho la mahakama. Venisi haikuwa na mfalme, lakini mkono wa dola ni ule ule: Shylock ananyang'anywa mali, kisha anaamriwa awe Mkristo. Hapa ndipo neno "bepari" linapogota. Bepari hufilisiwa; habatizwi kwa nguvu.

Hatusemi kwamba tafsiri hii ni mbovu. Kiswahili chake bado ni darasa tosha. Tunachosema ni kwamba mwalimu asiishie kwenye anwani. Sisi tunaofundisha Uganda, ambako mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke, tunajua jinsi jina la kazi linavyoweza kugeuzwa kuwa kosa la watu wote. Basi pamoja na swali la "Nani bepari?", tuwaulize wanafunzi wetu: mkopeshaji alipofukuzwa, nani alibaki na mali yake?