Tahakiki ya Neno "Selimundu": Umbo la Seli na Kazi ya Molekuli

Neno jipya la elimu hupimwa kwa kawaida kwa mizani mbili: je, lapatana na sarufi ya Kiswahili? Na je, watu wamelipokea? Mizani ya tatu husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo nzito kuliko zote: je, neno lasema kweli juu ya kitu linachokitaja? Tahakiki hii yalipima neno "selimundu" kwa mizani hiyo ya tatu, kwa kutumia mfano wa Musoma katika mkoa wa Mara, ambako hesabu moja ya damu imepata kuwa mashuhuri katika elimu ya urithi duniani kote.

Kwa mizani mbili za kwanza neno halina lawama. Limeungwa kama "mbwamwitu" na "batamzinga": jina kuu hutangulia, na jina la kulieleza hufuata. Mundu ni chombo cha mkulima, kisu kilichopinda cha kukatia mavuno na majani, na seli nyekundu za mgonjwa zikitazamwa kwa hadubini huonekana zimepinda vivyo hivyo. Mfano huo ni wa zamani. James Herrick, tabibu wa Chicago, aliutumia mwaka 1910 alipoeleza seli za ajabu alizoziona katika damu ya mgonjwa wake. Neno la Kiswahili ni fupi, lasemeka vizuri, na limeenea hospitalini na magazetini pamoja na mwenzake wa mitaani, "sikoseli".

Lakini Herrick alikiita kitu kwa jinsi alivyokiona, na mwaka 1910 hapakuwa na njia ya kuona zaidi ya umbo la seli. Elimu haikusimama hapo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, waliipitisha himoglobini ya wagonjwa katika nguvu ya umeme, wakaona kwamba haisafiri sawa na himoglobini ya watu wengine. Ndipo ugonjwa huu ulipoitwa ugonjwa wa molekuli. Katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha hitilafu yenyewe ilipo.

Yafaa hitilafu hiyo ielezwe kwa ukamilifu, maana tahakiki yote yaitegemea. Himoglobini ni molekuli kubwa yenye minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja wenye asidi amino 141, na miwili ya beta, kila mmoja wenye 146. Jumla ni 574. Kila mnyororo umejikunja na kukumbatia kipande chenye chembe ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachoshika oksijeni mapafuni na kuiachilia mwilini. Katika himoglobini ya kawaida, yenye alama A, asidi amino ya sita ya mnyororo wa beta ni asidi ya glutamiki, ambayo hupatana na maji. Katika himoglobini S mahali hapo pana valini, ambayo huyakimbia maji. Basi, tofauti ni hiyo tu. Himoglobini S hushika oksijeni na kuiachilia. Shida yatokea baada ya kuiachilia: valini ile hupata kishimo katika molekuli jirani na kujichomeka humo, jirani naye hushikwa na jirani yake, mpaka zikafanyika nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli na kuipinda. Seli iliyopinda huziba mishipa midogo, nayo huvunjika mapema; seli nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, ya mgonjwa huishi siku 10 hadi 20.

Hapa neno "selimundu" laanza kupungukiwa. Lataja tukio la mwisho katika mfululizo mrefu, na tukio hilo lenyewe halimtambulishi mgonjwa. Katika kipimo cha zamani, tone la damu lilifunikwa chini ya kioo lisipate hewa, kisha likatazamwa. Seli za mtu aliyepokea S kwa wazazi wote wawili zilipinda. Seli za mtu aliyepokea S kwa mzazi mmoja na A kwa mwingine nazo zilipinda. Kwa kutazama umbo, watu wawili hawa ni wamoja. Kwa kuishi, hawafanani hata kidogo: wa kwanza ni mgonjwa, wa pili kwa kawaida ni mzima, kwa sababu himoglobini A iliyochanganyika na S huzuia nyuzi zisifanyike upesi. Umeme ndio uliowatenganisha, yaani kipimo cha molekuli.

Umuhimu wa tofauti hiyo waonekana wazi katika hesabu za Musoma. Anthony Allison, tabibu aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alieleza mwaka 1954 kwamba wenye S kwa upande mmoja wana kinga fulani juu ya malaria. Mwaka 1956 zikatolewa hesabu zake za wilaya ya Musoma, Tanganyika, ambayo siku zile ilikuwa na Butiama ndani yake. Watoto wachanga 287 waligawanyika hivi: 189 walikuwa AA, 89 walikuwa AS, na 9 walikuwa SS. Watu wazima 654 waligawanyika hivi: 400 walikuwa AA, 249 walikuwa AS, na 5 walikuwa SS.

Msomaji azitazame tarakimu hizo taratibu. Kati ya watoto, SS ni karibu 3 katika kila 100. Kama kiasi hicho kingedumu, watu wazima 654 wangekuwa na SS wapatao 20, walionekana 5. Upande wa AS mambo yamegeuka: wamepanda kutoka 31 katika 100 hadi 38. AA wameshuka kutoka 66 hadi 61. Watoto hao na watu wazima hao si watu wale wale, na idadi za SS ni ndogo, kwa hiyo haifai kuzibebesha tarakimu hizi mzigo usiowezekana. Hata hivyo maelezo yaliyokubaliwa na wataalamu ni haya: wengi wa SS walikufa kabla ya kukua, na malaria iliwapunguza AA kuliko ilivyowapunguza AS.

Sasa neno na lipimwe kwa hesabu hiyo. Ikiwa "ana selimundu" maana yake ni kwamba seli zake hupinda katika kipimo, basi sentensi hiyo ni kweli kwa watu wazima 254 kati ya 654. Ikiwa maana yake ni mgonjwa, ni kweli kwa 5 tu. Neno moja lenye maana mbili zinazopishana kwa watu 249 haliwezi kuitwa istilahi, ni mtego. Tena limewafunika wale wale ambao Musoma iliwafundisha walimwengu kuwatambua, yaani wazima wenye S ya upande mmoja. Mtu wa kundi hilo akiambiwa kwa mkato kwamba ana selimundu, ataondoka akijihesabu mgonjwa, na huenda uchumba ukavunjika kwa neno lililotamkwa bila kukamilishwa. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: akiona wenye "selimundu" wanalima na kuvua samaki bila taabu, mzazi wa mtoto wa SS aweza kudhani kwamba ugonjwa si mzito, akachelewa.

Maneno yaliyo jirani na "selimundu" nayo yataka kutazamwa, kwa kuwa maelezo ya ugonjwa hayapatikani bila hayo. La kwanza ni "protini". Himoglobini ni protini, na hivyo ndivyo vitabu visemavyo. Lakini kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, protini ni aina ya chakula: ni dagaa, sato na maharage, "vyakula vya kujenga mwili". Mkaaji wa Bunda akiambiwa kwamba mtoto wake ana kasoro katika protini ya damu, atakwenda sokoni. Likiongezwa neno "upungufu wa damu", ambalo nalo huzoeleka pamoja na mashauri ya kula mboga na maini, upotevu umekamilika. Hapa damu yapungukiwa kwa sababu seli zavunjika, wala si kwa sababu mama hakulisha. Neno "protini" halihitaji kubadilishwa. Lahitaji kufundishwa kama jina la molekuli kabla ya kufundishwa kama jina la chakula.

La pili ni "kinasaba". Neno hili limetumika kwa jeni, yaani agizo la kurithiwa, na pia kwa molekuli ya DNA ambamo agizo hilo limeandikwa. Matumizi hayo ya pili yameingia hata katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 ihusuyo vinasaba vya binadamu. Kuchanganya agizo na kitu kilichobeba agizo ni kasoro ya kielimu. Lakini iko kasoro nyingine, ya maana ya mizizi. Nasaba, kwa Waswahili kama kwa Wakurya na Waluo, huhesabiwa zaidi kwa upande wa baba. Jambo la selimundu lapingana na hesabu hiyo kabisa: mtoto wa SS hapatikani mpaka kila mzazi ametoa S yake. Neno linaloelekeza sikio upande mmoja wa ukoo halifai kueleza jambo la pande mbili, hasa pale ambapo ndugu wanatafuta wa kumlaumu.

La tatu ni usemi "ugonjwa wa kuzaliwa nao". Ni kweli kwa kosa la molekuli, lakini si kweli kwa dalili. Mtoto huzaliwa akiwa na himoglobini nyingi ya tumboni, isiyo na mnyororo wa beta, na kwa miezi kadhaa hiyo humkinga. Mama aliyemwona mwanawe mzima miezi minne hawezi kukubali kwamba alizaliwa mgonjwa. Atatafuta sababu iliyotokea baadaye, na haikosekani. Dawa ya haidroksiyurea nayo hufanya kazi zaidi kwa kuirudisha himoglobini ile ya tumboni. Bila habari ya molekuli, ugonjwa na dawa yake vyote viwili ni mafumbo.

Je, neno "selimundu" litupwe? La. Neno lililokwisha kuenea halifutwi kwa makala. Mfano mwema watoka Butiama. Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, aliirudia tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari: jina geni lilivikwa sauti za Kiswahili, wala hakuna aliyepotea. Kwa njia hiyo hiyo "himoglobini" na "molekuli" ni maneno halali. Lakini mwaka ule ule aliwaita wafanyabiashara wa Venisi "mabepari", na kwa uteuzi huo hukumu ilikwisha ingia katika jina kabla pazia halijafunguliwa. Mwandishi wa tamthilia ana ruhusa hiyo. Mtunga istilahi za tiba hana.

Yafaa basi "selimundu" libaki jina la seli iliyopinda, na "ugonjwa wa selimundu" liwe jina la ugonjwa peke yake, lisifupishwe. Mtu wa AS aelezwe kwa sentensi: "amepokea himoglobini S kwa mzazi mmoja", na mtu wa SS: "amepokea himoglobini S kwa wazazi wote wawili." Kitenzi "kupokea" ni chepesi, hakina habari ya mali wala ya marehemu kama "kurithi". Tena wazazi wawili wa AS wasiambiwe "mtoto mmoja kati ya wanne", maana wenye mtoto mmoja mgonjwa watahesabu watatu wajao kuwa salama. Waambiwe kwamba katika kila mimba, bila kujali zilizotangulia, bahati ya SS ni robo.

Katika Musoma, Bunda na Butiama, Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kiikizu na Kiluo husemwa nyumbani, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu na tabibu. Kwa wengi wao neno la Kiswahili ndilo la kwanza na la pekee watakalolisikia juu ya jambo hili. Kwa hiyo haitoshi neno hilo liwe fasaha. Lazima liweze kumtenga mgonjwa na mzima, kama hesabu ya mwaka 1956 ilivyowatenga.