Yuniti Mbili, Kisha Kungoja

Daktari bingwa wa homoni hana vyombo vingi. Mezani kwake utakuta mashine ndogo ya kupima sukari na vibanzi vyake, kipimo cha presha, uma wa sauti, uzi mfupi wa nailoni uliofungwa kwenye mpini, chupa ya insulini na daftari. Anayemtazama kwa mara ya kwanza atadhani kazi yote imo ndani ya ile mashine: tone la damu, sekunde chache, namba. Lakini mashine hiyo hata mjukuu wa mgonjwa anaweza kuitumia. Ufundi uko katika yanayotangulia tone la damu na yanayolifuata, na ndiyo ninayotaka kuyafuata hapa bila haraka.

Tuseme mgonjwa ni mama wa miaka hamsini hivi, mkulima wa Ombaci, kilomita chache kaskazini ya Arua kwenye barabara ya Koboko. Amekonda. Mchana kutwa anakunywa maji, usiku anaamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Ameshapimwa, ameshaambiwa ana sukari, ameshapewa metformini, na sukari imekataa kushuka.

Daktari hamgusi bado. Anauliza. "Mama, unaamka saa ngapi? Unakula nini kwanza? Nani anapika? Shamba liko mbali na nyumba?" Anataka kujua unga wa enyasa, ugali wa jioni, una muhogo kiasi gani na nafaka kiasi gani, inaliwa na maharagwe au na samaki wa angara, na donge analomega mama lina ukubwa gani. Mama anaonyesha kwa mkono. Daktari anautazama mkono ule kwa makini, kisha anaandika.

Halafu linakuja swali ambalo mgeni hataelewa linatafuta nini kliniki: "Mwaka 1981 mlikuwa wapi?" Ombaci mwaka huo haufafanuliwi. Tarehe 24 Juni wanajeshi wa serikali waliwaua watu waliokimbilia misheni ya Wakatoliki, na watu wa West Nile kwa maelfu walivuka mipaka kuingia Zaire na Sudan. Mama huyu alikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Daktari haulizi ili kufukua kidonda. Anauliza kuhusu njaa: walikula nini ukimbizini, kwa muda gani, mama alikuwa mkubwa au mdogo kwa umbo kuliko wenzake.

Swali hilo lina uzito wa kitabibu. Nchini Nigeria, watafiti waliowapima watu wazima waliozaliwa wakati wa njaa ya Biafra, kati ya 1967 na 1970, walikuta sukari ya juu zaidi miongoni mwao kuliko kwa waliozaliwa baadaye. Hapa Uganda, uchunguzi wa watu wazima waliogunduliwa kisukari karibuni ulionyesha kwamba karibu theluthi yao hawakuwa wanene, na kongosho lao lilikuwa likitoa insulini kidogo. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuutambua ugonjwa wa sukari unaotokana na utapiamlo mwaka 1985, likaufuta kwenye orodha yake 1999. Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaurudisha kwa jina la aina ya 5. Kwa hiyo daktari huyu hamsomei mama wa Ombaci ushauri uliotungwa kwa ajili ya mtu mnene wa mjini. Kumwambia apunguze uzito kungekuwa kumdhuru. Anapima ketoni kwenye mkojo, na palipo na uwezo anaagiza kipimo cha peptidi-C, kile kipande ambacho kongosho hukiachia pamoja na kila chembe ya insulini linayotengeneza. Kikiwa kidogo, kongosho limechoka, na kuongeza vidonge juu ya vidonge ni kumchapa punda aliyelala.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu nacho hakipokelewi hivi hivi. Huonyesha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Malaria ikiziua mapema, namba hutoka ya chini na kumpa mtu faraja ya uongo. Utafiti wa damu za watoto wachanga Uganda nzima, uliochapishwa 2016, ulikuta zaidi ya 13 katika kila 100 wamebeba kinasaba cha selimundu, ambacho nacho kinaweza kuzidanganya baadhi ya mashine. Daktari huliweka jibu la maabara kando ya daftari la vipimo vya nyumbani na kuuliza kama yanasema jambo moja. Yakipingana, huanza kwa kulitilia shaka la maabara.

Kisha miguu. Mama anavua viatu, anafumba macho. Ule uzi wa nailoni unasimamishwa kwenye unyayo na kusukumwa mpaka upinde; umetengenezwa upinde kwa uzito wa gramu 10, si zaidi. "Sasa?" Anasema ndiyo. "Sasa?" Kimya. Daktari anarudia mahali pale baadaye kidogo, bila kutangaza. Uma wa sauti unagongwa na kuwekwa juu ya kifundo cha kidole gumba, na mama anasema mtetemo unapokwisha. Sijaona hatua inayorukwa kirahisi kuliko hii pale foleni inapokuwa ndefu, na kidonda kisichouma ndicho kinachokata miguu.

Sasa dozi. Mama ana kilo 48. Kwa insulini ya mchanganyiko inayodungwa mara mbili, daktari anaanza chini, karibu yuniti 0.3 kwa kila kilo: 14 kwa siku, 10 asubuhi na 4 jioni. Namba zote shufwa, na si bahati. Bomba la sindano la mililita moja lina mstari kila baada ya yuniti mbili, na dozi inayoangukia katikati ya mistari ni dozi ya kubahatisha kwa macho ya miaka hamsini chini ya taa hafifu.

Anamfundisha kuviringisha chupa katikati ya viganja mpaka ukungu wa dawa uenee sawasawa, bila kuitikisa. Kuvuta hewa, kuisukuma ndani ya chupa, kuigeuza, kuvuta dawa, kugonga bomba ili mapovu yapande. Kudunga, kuhesabu mpaka kumi, ndipo kuchomoa. Kisha mama anafanya peke yake na daktari anakaa kimya. Mama anakosea, anaanza upya, na daktari bado amekaa kimya. Ukimya huo una gharama kwa mtu mwenye foleni mlangoni, na anaulipa.

Nyumbani hakuna friji. Kuna mtungi. Katika kambi ya Dagahaley huko Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba za wakimbizi, na maabara ya Geneva ikaipitisha insulini katika joto hilo hilo, kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba baada ya wiki nne nguvu ya dawa ilikuwa imebaki. Daktari anamchorea mama mtungi ndani ya mtungi, mchanga mbichi katikati, kivulini, na kuandika kwenye chupa tarehe iliyofunguliwa.

Baada ya wiki kadhaa mama anarudi na daftari. Daktari analisoma kwa kuvuka kurasa. Namba ya alfajiri inaihukumu dozi ya jana jioni. Namba ya kabla ya chakula cha jioni inaihukumu ile ya asubuhi. Alfajiri ni 9, 10, 9. Anaongeza yuniti mbili za jioni, kisha anangoja siku tatu kabla ya kugusa tena. Jioni namba zinayumba: 8, 7, halafu 3.6. Yupo ambaye angeona 3.6 na kupunguza kila kitu. Huyu anauliza: "Siku ile ulikuwa wapi, mama?" Alikuwa analima tangu asubuhi. Basi mama anaandikiwa dozi mbili za asubuhi, 8 ya siku za jembe na 10 ya siku nyingine, na vijiko vitatu vya sukari vifungwe kwenye pindo la kanga kila anapokwenda shamba.

Wiki nyingine sukari inapanda bila sababu, na enyasa ni ile ile. Daktari hapandishi dozi. Anamlaza mama na kupitisha ncha za vidole tumboni polepole, kama mtu anayetafuta changarawe kwenye mchele, mpaka anagusa uvimbe laini upande wa kulia wa kitovu. Mama amekuwa akidunga hapo hapo kwa sababu pamekufa ganzi na hapaumi. Dawa inayoingia humo hunyonywa ovyo. Wanachora tumbo mafungu manne, fungu moja kwa wiki. Na hapa daktari anapunguza yuniti badala ya kuziongeza, kwa kuwa ngozi nzima itaipokea dawa yote.

Mzee anayefuata ametoka Koboko, na Ramadhani iko karibu. Yeye pia hudunga mara mbili. "Mzee wangu, daku mnakula saa ngapi?" Dozi ya asubuhi inahamia futari. Ile ya jioni inahamia daku, ikipunguzwa kati ya robo na nusu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, saumu inafunguliwa saa hiyo hiyo, hata magharibi ikiwa imekaribia. Mzee anabisha kidogo juu ya hilo la mwisho. Daktari anaweka kalamu chini na kulizungumza naye mpaka mzee mwenyewe anazitamka zile namba mbili. Kisha anamwandikia siku ya kurudi ndani ya wiki ya Idi, kwa sababu saa za kula zitageuka tena, pilau na chai ya sukari vitarudi mchana, na dozi zote mbili itabidi zihesabiwe upya.