Chupa Zisizofunguliwa: Kusoma Kabati la Sebuleni Tunduma

Katika sebule nyingi za Tunduma, zile ambazo mwenyewe ameshapiga plasta na kuweka marumaru, kuna kabati la vioo. Rafu za chini zina sahani na seti ya vikombe ambavyo tangu vinunuliwe havijaonja chai. Rafu ya juu ina chupa: Johnnie Walker mbili, nyekundu na nyeusi, Amarula, jini ambayo hakuna anayekumbuka ililetwa na nani, Hennessy ikiwa bado ndani ya boksi lake, boksi limeachwa wazi ili shingo ya chupa ionekane. Konyagi haimo. Konyagi hunywewa.

Nimekulia mji huu, na nimekaa mbele ya makabati hayo mara nyingi mno, karibu zote nikiwa na soda mkononi. Chuoni tunafundishwa kwamba matini ni chochote kinachoweza kusomwa. Basi nalisoma kabati hili kama ninavyosoma riwaya, na kama riwaya nyingi, lina mwandishi anayejificha na msomaji anayelengwa.

Mwandishi ni baba mwenye nyumba. Ushahidi ni ufunguo. Vyombo vya mama havina kufuli la maana. Rafu ya chupa ina kifunguo kidogo cha bati kinachoning'inia pamoja na funguo za gari, au, kama gari halijapatikana, pamoja na funguo za duka. Msomaji ni mgeni. Tazama makochi yalivyopangwa: la mgeni linatazama kabati, la mwenyeji linamtazama mgeni anayetazama kabati. Hata luninga huwekwa karibu na hapo, ili macho yakichoshwa na taarifa ya habari yasiende mbali.

Kanuni kuu ya utanzu huu ni kwamba chupa isifunguliwe. Mgeni wa kawaida hupewa maji au soda. Ndugu aliyekuja na shida hupewa chai, na chai hiyo huja kwenye vikombe vya plastiki vya jikoni. Rafiki wa biashara hununuliwa bia mbili tatu grosari ya jirani, kijana akatumwa na chupa tupu za kubadilisha. Chupa za kabatini hufunguliwa kwa ajili ya mtu ambaye hana haja ya kunywa pombe ya mwenzake: bosi, wakwe wanaokuja na mshenga, mheshimiwa anayepita kuomba kura. Kwa hiyo kila anayekaa pale na soda yake anajua, bila kuambiwa, amewekwa rafu ya ngapi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ndani ya methali hiyo kuna matumaini ya watoto wa nyumba nzima: mgeni akija, kilichofichwa hutolewa. Kabati limekuja na mpango mwingine. Kilichokuwa kikifichwa sasa kinaonyeshwa, na bado hakitolewi.

Jambo hili lilinikaa kichwani niliposoma Good Company, kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kuhusu Wanyakyusa, majirani zetu wa Rungwe, ambako yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti katika miaka ya 1930. Neno linalobeba kitabu hicho ni ukwangala: raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao. Kwa maelezo ya Wilson, raha hiyo haikuwa starehe ya pembeni. Ilikuwa sehemu ya sababu ya watu kuishi kijiji kimoja. Na kinywaji kinachonijia nikisoma kurasa zake ni kile ambacho huku kwetu bado kinauzwa, kimpumu: ulezi uliochachuka, chungu kimoja, maji ya moto yanaongezwa kila kinapopungua, na mirija mirefu inayopokezanwa. Kimpumu hakiwekeki kabatini. Kikilala kinaharibika. Mwenye chungu hupata heshima chungu kikiisha, na anayebaki na pombe hadi kesho yake amekosa watu.

Lakini chungu nacho tusikitakase. Waliosaga ulezi, kuteka maji na kukesha na moto ni wanawake, na waliokaribishwa kwanza kwenye duara si wao. Chungu pia kina rafu zake. Ila hata aliyeitwa mwisho hufikiwa na mrija, japo wakati huo maji yameshauzidi ulezi.

Kwa nini basi chupa, na kwa nini kioo? Jibu la haraka la darasani ni Thorstein Veblen, ambaye mwaka 1899 aliandika juu ya ulaji wa kujionyesha. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu watu wa Veblen angalau wanatumia, na hawa hawatumii. Historia ya hapa inanisaidia zaidi. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain wa 1919, iliweka vizuizi vikali juu ya pombe kali iliyoingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na tawala za kikoloni zikavitekeleza kwa namna iliyofanya wiski iwe ya Mzungu. Kwa miaka mingi, Mwafrika wa Tanganyika aliyekutwa na chupa ya namna hiyo alikuwa na kesi. Justin Willis, katika Potent Brews (2002), anafuatilia jinsi kinywaji cha chupa kilivyokuja kuhusishwa na mshahara, ofisi na usasa, huku pombe ya chungu ikionekana ya kijijini.

Kisha kuna mwaka ambao wazee wa mpakani hawausimulii kwa sauti kubwa: 1983, msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walifukia bidhaa, wengine walizitupa usiku. Katika mji unaoishi kwa kuvusha vitu, katoni ya sabuni chini ya kitanda ilikuwa jambo la kutolea maelezo. Ruksa ya Mzee Mwinyi ilipokuja, watu walipata bidhaa, na juu yake wakapata ruhusa ya kuziweka zinapoonekana. Kwa usomaji wangu, hapo ndipo kioo kinapata maana. Mzee anayenionyesha Black Label yake, akigonga kioo kwa ukucha, anasema kwamba sasa hana cha kuficha.

Ingawa pengine anacho. Chupa yoyote ya Tunduma ina mbele na nyuma. Mbele kuna lebo. Mahali fulani shingoni au kifunikoni panapaswa kuwa na stempu ya kodi ya TRA, ambayo tangu 2019 ni ya kielektroniki. Nakonde, upande wa Zambia, ni mwendo wa miguu. Mgeni mwenye adabu hazungushi chupa ya watu.

Nyingine zina hadithi ambazo mwenyeji hangoji aulizwe: ya dereva wa lori aliyerudi kutoka Lubumbashi, ya mfanyabiashara aliyefuata vipuri Dubai akanunua chupa uwanja wa ndege dakika za mwisho. Muulize kuhusu ladha, atababaika. Muulize kuhusu safari, hutoki pale kabla ya saa nne usiku. Hapa nalipenda kabati bila masharti. Ni kitabu cha safari cha watu ambao hawakupata nafasi ya kuandika, kila juzuu ikiwa na kifuniko chake.

Kosa lao ni moja, wanaamini kwamba wiski inazidi kuwa nzuri kadiri inavyokaa kabatini. Wiski huzeeka ndani ya pipa. Ikishatiwa kwenye chupa imesimama hapo hapo. Amarula, ambayo ina krimu, hata kusimama haisimami.

Kizazi chetu kinawacheka wazee hawa, na sioni tumepata wapi haki hiyo. Ingia geto la mwanachuo pale Mbeya. Juu ya friji ndogo au kwenye dirisha kuna chupa tupu za Jameson na Hennessy zilizopangwa kwa urefu, moja imetiwa ua la plastiki. Mzee anaonyesha alichojizuia kunywa. Sisi tunaonyesha tulichokunywa, mara nyingi kwa kuchangishana watu sita. Nina upendeleo wangu: chupa tupu naiamini zaidi, kwa kuwa angalau kuna mtu alimiminiwa. Lakini mgeni anayeingia geto anakuta ushahidi wa sherehe iliyofanyika bila yeye, na hilo nalo ni kabati. Kwa walokole rafu ya juu ina mvinyo usio na kilevi na bilauri zenye ukingo wa dhahabu. Sarufi ni ile ile.

Nimeona kabati moja tu likifunguliwa lote. Ilikuwa siku ya tatu baada ya maziko ya mwenye nyumba, wanaume wa ukoo wamemaliza hesabu za rambirambi. Mdogo wa marehemu alichukua funguo za gari, akakitafuta kile kifunguo cha bati, akafungua bila kuuliza. Bilauri hazikutosha, ikabidi vikombe vya seti vitoke. Waliokunywa Black Label ni vijana waliochimba kaburi, bodaboda wawili, na binamu kutoka Mlowo aliyekuja na viatu vya kuazima. Amarula ilipelekwa chumbani kwa mjane, maana siku zote ilisemwa kwamba hiyo ni ya akina mama. Ilikuwa imeganda, chupa ikapinduliwa, haikutoka kitu. Akaomba chai. Vikombe vya plastiki vyote vilikuwa nje kwa waombolezaji, kwa hiyo akaletewa kwenye kikombe cha seti.