Swichi Ilisema Saa Iko Sawa

Ukivuka mpaka kutoka Sirari kuingia Isebania hugusi saa ya mkononi. Saa moja asubuhi ya Tarime ndiyo saa moja asubuhi ya upande wa Kenya. Minara ya simu haitosheki na usawa huo. Pale mtandao unapotumia masafa yale yale kwa zamu, mnara ukituma kisha ukipokea, saa ya kila mnara hairuhusiwi kuachana na saa sahihi kwa zaidi ya maikrosekunde 1.5. Mnara ukianza kutuma wakati jirani yake bado anapokea, mawimbi hafifu ya simu ya mteja yanamezwa. Katika maikrosekunde hizo 1.5 mwanga ndani ya faiba hupita mita 300 hivi.

Nimetaja mita makusudi, maana ndizo zilizotusumbua.

Kazi niliyoshiriki ilikuwa kupeleka saa kutoka Tarime mjini hadi Mugumu, wilayani Serengeti, kwa mnyororo wa swichi kupitia Nyamwaga na Nyamongo. Kila mnara ungeweza kutegemea antena yake ya setilaiti, lakini radi za ukanda huu wa Ziwa Victoria zinaunguza vifaa vya minarani, kwa hiyo ilihitajika njia ya pili. NTP, itifaki ya saa inayozitosha kompyuta za ofisi, huhesabu kwa milisekunde. Tulichukua PTP, kiwango cha IEEE 1588 kilichotoka 2002 na kuboreshwa 2008 na 2019.

Swichi ya kawaida ikiachwa ipitishe tu pakiti za saa, pakiti hizo zitapanga foleni na picha na video za watu, na foleni haina urefu maalumu. Kwa hiyo kila swichi tuliipanga ipokee saa kwa poti moja, ijirekebishe, kisha iifundishe inayofuata. Muhuri wa muda hupigwa na poti yenyewe, si na programu iliyo ndani zaidi. Namba ya kikoa, yaani ya kundi la saa zinazosikilizana, iwe moja njia nzima. Sisi tulitumia 24. Swichi moja ilibaki kwenye 0 na ikakaa kimya bila kulalamika, ikisubiri mwalimu ambaye asingekuja. Jambo jingine huwatisha wageni wa kazi hii: PTP hubeba saa ya atomiki, ambayo tangu 1 Januari 2017 imeitangulia saa ya dunia ya UTC kwa sekunde 37. Ukiiona tofauti hiyo, usianze kurekebisha.

Mnyororo ulishika. Kila swichi iliripoti kwamba imeachana na mwalimu wake kwa nanosekunde chache.

Baadaye faiba ilikatwa njiani, ikaungwa, na taa zote zikarudi kijani. Tulipopeleka Mugumu kipokezi cha setilaiti cha kubebeka na kulinganisha mapigo ya sekunde kwenye oskiloskopu, saa yetu ilikuwa imechelewa karibu maikrosekunde 1. Swichi, wakati huo huo, bado ilikuwa ikiandika nanosekunde chache.

Swichi haikusema uongo; iliamini jambo ambalo halikuwa kweli tena. PTP hupima safari ya kwenda na ya kurudi, hujumlisha, kisha hugawanya kwa mbili. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo njia mbili zina urefu sawa. Katika ukarabati, uzi wa kwenda ulikuwa umepitishwa kwenye kebo nyingine na kurefuka kwa mita 400 hivi. Kila mita hula nanosekunde 5, kwa hiyo tofauti ilikuwa maikrosekunde 2, na kosa la saa ni nusu yake. Mtandao wenyewe huruhusiwa kutumia maikrosekunde 1.1 tu katika zile 1.5. Uzi mmoja ulikuwa umekaribia kuzimaliza hizo 1.1, na hakuna kengele iliyolia.

Tulipima kila uzi peke yake, tukaingiza tofauti kwenye poti husika. Hapo alama ya kujumlisha au kutoa ina uzito: ukikosea, kosa linakuwa mara mbili. Mimi naona dawa bora ni kutumia uzi mmoja kwa pande zote mbili, kwa rangi mbili za mwanga. Njia ikirefuka, inarefuka kwa pande zote mbili, na inabaki tofauti ndogo tu kwa kuwa rangi hazisafiri kwa kasi moja.

Mugumu tulikuwa na anga la kutuonyesha kosa. Nyamongo kwenyewe, katika mgodi wa North Mara, eneo la Gokona huchimbwa chini ya ardhi tangu 2015, na mwamba hauruhusu mawimbi ya setilaiti kupenya. Kukagua saa ya PTP mahali kama hapo kunahitaji saa ya rubidi yenye betri: unailinganisha na setilaiti ukiwa juu, unashuka nayo, unapima, kisha unapanda na kuilinganisha tena kabla hujaamini namba uliyoiandika kule chini.