Probox ya kilomita 76,000

Muuzaji wa magari Majengo, iwe ile ya Meru au ile ya Embu, hukuanzia kwenye dashibodi. "Ona mwenyewe, mzee, hii haijatembea." Namba inawaka: 76,000 na ushei. Tuseme gari ni Probox iliyosajiliwa Japani kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na iko na namba za Kenya kwa miaka mitatu sasa. Namba ya dashibodi ni dai la muuzaji, na dai hupimwa.

Tuanze na hesabu ya njia. Meru hadi Nairobi kupitia Embu ni zaidi ya kilomita 200. Probox ya miraa ikienda na kurudi siku sita kwa wiki inapita kilomita 2,400 kila wiki, zaidi ya 120,000 kwa mwaka. Ile inayobeba abiria kati ya Meru na Maua, safari mbili za kwenda na kurudi kwa siku, inakaribia kilomita 200 bila hata kuonja lami ya Embu. Gari likibeba miraa mwaka mmoja tu, 76,000 ishapitwa kabla hujahesabu za Japani. Muuzaji atakwambia lilikuwa la mwalimu, shule na kanisa basi. Yawezekana. Lakini spesa zilizoinua springi za nyuma, mwalimu aliziweka za nini?

Sasa karatasi, na hapa Probox ina faida ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Gari dogo la kawaida Japani hukaguliwa na serikali mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miwili. Probox nyingi huandikishwa kama gari la mizigo: ukaguzi wa kwanza ni baada ya miaka miwili, kisha kila mwaka. Katika kila ukaguzi kilomita huandikwa, na cheti cha kusafirisha gari nje kinabeba rekodi hiyo. Kwa hiyo Probox ya miaka mitano inapopanda meli kuja Mombasa, kilomita zake zimeshaandikwa na mkaguzi mara kadhaa. Tena nyingi huko ni magari ya kampuni, ya watu wa mauzo wanaoshinda barabarani. Kilomita 100,000 kwa gari la namna hiyo si ajabu wala si aibu. Mimi Probox ya kilomita chache hunitia shaka kuliko Vitz ya kilomita chache.

Cheti "kimepotea"? Fungua mlango wa dereva, uangalie fremu yake, kisha uinue boneti. Gereji za Japani hubandika stika ndogo kila zinapobadilisha oili. Maandishi hutayasoma, tarakimu utazisoma. Tuseme imeandikwa R2.10.8, na chini yake 84,310. R ni enzi ya Reiwa: ongeza 2018. Ingekuwa H, ya Heisei, ungeongeza 1988. Basi tarehe 8 Oktoba 2020 gari hili lilikuwa na kilomita 84,310. Leo lina 76,000. Aliyezirudisha alisahau kubandua stika.

Zilirudishwaje? Nyuma ya klasta ya dashibodi kuna chipu ndogo ya kumbukumbu, aghalabu yenye miguu minane. Klasta inang'olewa, kibanio kinashika chipu, waya unaingia kwenye laptopu. Kilomita hazikuandikwa humo wazi; zimefichwa kwa msimbo na kurudiwa mahali kadhaa, lakini programu inajua kuzikokotoa. Andika unayotaka, rudisha skrubu. Kwa magari mengine hata klasta haiguswi, kazi inapitia tundu la kuskani chini ya usukani. Njia ya zamani zaidi ni kuvalisha gari klasta ya mtumba kutoka gari jingine.

Kuskani kunasaidia, ila usikuamini kupita kiasi. Magari ya Ulaya huhifadhi kilomita kwenye vifaa vingi, hivyo anayegusa klasta peke yake huacha ushahidi kwingine. Probox haina utajiri huo. Bado mwambie fundi akusomee kilomita zilizopita tangu hitilafu zifutwe kwenye kompyuta ya injini. Hesabu hiyo huishia 65,535. Kwa gari ambalo dashibodi yake iko chini ya hapo, ikizidi ya dashibodi, mjadala umekwisha. Ikisoma kilomita 12, uliza ni hitilafu gani iliyofutwa asubuhi ya leo.

Kuna namba zisizopatana ambazo si wizi. Gari la Uingereza husoma maili. Maili 60,000 ni kama kilomita 96,560, na mtu akibadilisha klasta rekodi inaruka bila mtu kuibiwa. Kwa gari la huko, rekodi za ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na maili, ziko wazi mtandaoni bila malipo ukiwa na namba yake ya zamani. Klasta inayokufa pia hubadilishwa kihalali, na mwenye gari mwaminifu ana risiti.

Shida kubwa iko kwenye miaka mitatu ya hapa nyumbani. Rekodi ya NTSA itakwambia mwenye gari ni nani, chasisi ipi, injini ipi. Kilomita haisemi. Ubelgiji, kwa sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2006, kila gereji inayohudumia gari hupeleka kilomita kwenye hazina moja, na muuzaji lazima amkabidhi mnunuzi cheti cha Car-Pass. Sisi tuna kitu kinachokaribia bila kujua: ripoti ya thamani. Gari likikatiwa bima kubwa, au likiwekwa rehani kwa mkopo wa sacco, mthamini huandika kilomita na tarehe. Muulize muuzaji ripoti hizo. Ongeza kadi ya oili ya gereji. Ukipata tarehe tatu na kilomita tatu zinazopanda kwa mwendo unaoeleweka, una historia.

Ukikuta zimerudishwa na bado unalitaka gari, lihesabu kama gari lisilojulikana limetembea kiasi gani: pima kompresheni, sikiliza gia boksi, toa bei ya hali ya injini. Ukiambiwa ni halisi, iandike namba kwenye mkataba wa mauzo pamoja na maneno "kilomita halisi za gari", naye atie sahihi. Maelezo ya uongo kuhusu bidhaa ni kosa kwa mfanyabiashara chini ya Sura ya 505 ya sheria za Kenya, lakini ya mdomo ni kazi kuyathibitisha. Wauzaji kadhaa watapunguza bei kabla ya kutia sahihi hiyo.