Bugali nyeusi haimalize swali

Ile jaribio ya kutia tone la iodini kwenye bugali ya muhogo yenye kupoa ni rahisi na ni ya kweli: ikigeuka bluu-nyeusi, wanga iko. Shida ni pale tunaishia hapo na kusema chakula ni kizuri. Iodini haionyeshe protini, na muhogo iko nayo kidogo sana. Haionyeshe pia sumu ya sianidi. Kule Kwango, Trolli aliandika juu ya konzo tangu 1938: miguu inapooza juu ya muhogo muchungu usiolowekwa siku za kutosha, na sahani yenye kukosa protini ya kusaidia mwili kuvunja ile sumu. Basi, kisha ya iodini tuulize: maharagi ao ndagala iko wapi?